Dakika Tatu Kutoka Stesheni

Treni ya haraka ilipopita, Bi Nezu Fusae aliweka kiganja juu ya kikombe cha mgeni ili chai isimwagike. Mgeni, Bwana Hirabayashi wa kampuni ya ujenzi, akakatisha sentensi. Ndio ustaarabu wa nyumba za kando ya reli: treni ikipita watu hunyamaza, hata wanaogombana.

Miaka thelathini na minane Fusae alikuwa akiilaani reli hiyo. Kengele ya pale barabara inapokata reli ilimtia wazimu, na vumbi la chuma liliganda kwenye nguo alizoanika. Lakini stesheni ilikuwa dakika tatu kwa miguu, hata kwa magoti yake mabovu, na yeye ndiye aliyesafisha vyoo vyake kuanzia saa kumi alfajiri, kabla treni ya kwanza haijaondoka. Kwa miaka yake sabini na mitatu, nani mwingine angemwajiri? Sasa nyumba yote ya mbao aliyopanga chumba ilikuwa ibomolewe, lijengwe ghorofa refu. Tangu treni za haraka zianze kusimama hapa, kila mwenye fedha alipataka.

"Mimi sikukubali kuhama," alisema kelele zilipokwisha.

Hirabayashi akatoa karatasi mkobani, akamsogezea kwa mikono miwili. Muhuri mwekundu wa jina la Fusae ulikuwepo, wa tano kutoka juu.

Lilikuwa tangazo la kubomoa nyumba, lililopita kwenye ubao wa mtaa. Ubao huo huzunguka mlango kwa mlango. Ukikufikia unapiga muhuri kuonyesha umeuona, kisha unampelekea jirani. Siku zote ni habari za siku za kutupa taka na paka aliyepotea. Nani anausoma mpaka chini? Aibu ni kuulaza kwako, majirani wakaanza kunong'ona. Fusae aliupigia muhuri akiwa anatoka, kavaa kiatu kimoja.

"Huu ni muhuri wa kuona tu. Mtaa mzima unajua."

"Ni kweli kabisa, Bi Nezu. Uliona kwamba mwenye pingamizi alilete ndani ya wiki mbili." Sauti yake ilikuwa laini. "Hakuna aliyeleta."

Fusae akamweleza kwamba madalali watatu wamemkataa, kwa kuwa hakuna mwenye nyumba anayemtaka mzee wa peke yake, asije akamfia ndani. Chumba pekee alichopata kiko huko mlimani, na basi la kwanza la huko huondoka saa kumi na mbili. Hirabayashi alisikiliza kwa huruma, akasema pole mara nne, akaenda kuvaa viatu.

Fusae akamfuata mlangoni.

"Basi niambie wewe, mwanangu. Kazini nitafikaje?"

Hirabayashi, aliyekwisha kutoka nje, akageuka na kuinama. Aliinama chini kabisa, mikono imenyooka mapajani, Fusae akabaki kuzungumza na utosi wake. Akarudia swali. Utosi haukujibu. Mgeni wa namna hii hainuki mpaka mwenyeji afunge mlango, na kumwacha ameinama mbele ya watu ni utovu wa adabu wa mwenyeji. Hasira zikampanda Fusae. Akasubiri. Naye akasubiri. Jirani wa juu akapita na mfuko wa sokoni, akawatazama wote wawili, Fusae zaidi.

Fusae akaufunga mlango, taratibu, usije ukamgonga kichwani.