Moto Kabla ya Jivu

Tangu utotoni, nyumbani walimwita Kichwangumu. Alipokua akaamua kusomea magonjwa ya ubongo, shangazi yake alisema sasa jina limepata kazi. Shangazi huyo ndiye aliyemlea: fundi cherehani, mjane, mwenye ulimi mkali kuliko mkasi wake. Mkono wake wa kulia ulipoanza kutetemeka hata uzi ukakataa kuingia kwenye tundu la sindano, daktari alimwambia ni uzee.

"Uzee wa mkono mmoja?" shangazi aliuliza. "Na huu wa kushoto ulizaliwa lini?"

Haukuwa uzee. Ulikuwa ule ugonjwa wa kutetemeka, unaoua polepole seli za ubongo zinazoongoza mwendo wa mwili. Kichwangumu alikuwa akiuchunguza chuoni miaka mingi kabla haujapiga hodi kwao, kwa hiyo hakuna aliyeweza kusema kwamba ni huruma iliyomfanya aone alichokiona kwenye hadubini.

Ubongo una walinzi wake, seli ndogo zenye matawi, ambazo zikihisi hatari hufura na kumwaga sumu ya kumfukuza adui. Huo ndio mchochota. Profesa, mkuu wa idara, alijijengea jina kwa kufundisha kwamba walinzi hao huamka baada ya seli za mwendo kufa, waje kuzoa maiti tu. "Mchochota ni jivu," alipenda kusema, "si moto." Madaktari wa marika mawili waliitikia wimbo huo. Lakini katika vipande vya ubongo wa watu waliofariki kwa ajali, ugonjwa ukiwa ndio kwanza unachipua, Kichwangumu alikuta seli za mwendo bado nzima, na walinzi tayari wamefura, kana kwamba sumu yao ndiyo inayoziua seli hizo. Akarudia kipimo. Akamwomba mwenzake naye arudie, bila kumwambia kipande kipi ni cha nani. Jibu likawa lile lile.

Kabla ya mkutano wa idara, Profesa alimwita ofisini. Akamvutia kiti kwa mkono wake mwenyewe, na hapo Kichwangumu akajua kuna jambo.

"Picha zako nzuri, mwanangu," Profesa alisema. "Zionyeshe. Ila mwisho useme huenda vipande viliharibika kwenye kuhifadhiwa. Ukifanya hivyo, mwaka huu unapata maabara yako."

"Havikuharibika, Profesa. Ulivikagua mwenyewe."

"Nakuomba kama baba."

"Kama baba nakuamkia kila asubuhi. Hili siwezi kukupa."

Siku ya mkutano ukumbi ulijaa mpaka watu wakaegemea kuta. Alipoonyesha picha ya walinzi waliofura, Profesa alisimama bila kuomba nafasi.

"Nani alikufundisha kushika hadubini?"

"Ni wewe, Profesa. Ukanifundisha niseme ninachokiona."

"Basi inatosha. Kaa chini."

"Nitakaa nikimaliza."

Alimaliza, picha moja baada ya nyingine, na hakuna aliyepiga makofi.

Wiki iliyofuata alikuta kitasa cha maabara kimebadilishwa. Mwenzake aliyerudia kile kipimo alipita akitazama sakafu. Kichwangumu alirudi nyumbani mchana kweupe, na shangazi akaelewa kabla hajaambiwa.

"Wamekufukuza?"

"Wamenifungia mlango."

"Basi umewachoma. Mwongo angeongezewa kiti. Kesho unaenda wapi?"

"Kutafuta hadubini."

Aliipata kwenye chuo cha wauguzi, kuukuu, inayohitaji kubembelezwa kila ikiwashwa. Asubuhi alifundisha, mchana akafanya utafiti katika chumba kinachonuka dawa ya kuhifadhia maiti. Alipochapisha matokeo, maabara mbili za mbali, zisizomjua hata kwa sura, zilirudia kipimo na kuona moto ule ule. Mojawapo ikaonyesha pia kwamba alikosea mahali: baadhi ya walinzi hawakuwa wakiharibu, walikuwa wakikinga. Alipoalikwa kuzungumza mbele ya madaktari, alianza na kosa hilo kabla ya mtu kumwuliza.

Profesa alikuwa amekaa nyuma kabisa. Akamngoja kwenye korido.

"Rudi idarani. Tuandike pamoja kwamba ni moto na ni jivu, yaishe."

"Kitabu chako bado kinawafundisha wanafunzi kwamba si moto."

"Kitabu kimeshachapwa."

"Basi chapa kingine, Profesa. Nikikisoma nitarudi."

Hakukichapa, naye Kichwangumu hakurudi. Wanafunzi wawili wa Profesa ndio waliohamia kwake, wakabanana kwenye kile chumba.

Shangazi sasa alitetemeka mikono yote miwili. "Kwa hiyo dawa iko wapi?" aliuliza asubuhi moja.

"Bado, shangazi. Huenda isikuwahi."

"Sikuuliza itamwahi nani. Nimeuliza iko wapi."

"Hatujui."

"Sasa mbona umekaa hapa unanikodolea macho?"

Kichwangumu alicheka, akachukua mkoba wake, akaenda kazini.