Ndevu za Senene

Osward aliwahi kukaa Bukoba msimu mmoja, akibeba mikungu ya ndizi sokoni, na tangu arudi Kakese hakuna aliyepumua kwa sifa za Bukoba. Ndizi za huku vijiti. Samaki wa huku matope. Esteria, mke wa kaka yake, alikuwa amemchoka kama nini.

Asubuhi ile, mvua ilipokatika, Esteria alikuta mahindi yake yamejaa wadudu wa kijani hadi majani yanainama. Mwaka jana viwavi walimwachia mabua matupu, nyumba nzima ikaponea kuku na mayai. Akakimbilia bomba la dawa.

"Shemeji, subiri!" Osward alitokea na ndoo, anacheka peke yake. "Hawa siyo nzige. Hawa senene, wa Bukoba kabisa! Sijui upepo gani umewaleta huku. Mahindi hawamalizi, hawa wa kukaanga."

"Umewatambuaje, kwa kabila?"

"Angalia ndevu za kichwani. Nzige anazo fupi. Senene zinampita mwili."

Esteria hakuangalia. Mtu mzima ainame kupima ndevu za mdudu, eti kwa sababu kasema Osward, yuleyule aliyeapa kwamba Bukoba mvua huja kwa ratiba! Akavaa bomba mgongoni, akanyunyiza mstari kwa mstari, shemeji akimfuata na ndoo tupu.

"Basi walau kuku wafungie, shemeji."

"Funga mdomo wako kwanza."

Kufikia mchana wadudu wote walikuwa chini, na hakuna jani lililotafunwa. Esteria alijipongeza kwa sauti, ili mtu fulani asikie. Kisha akaita kuku waje wale pumba. Hakuja hata mmoja.

Aliwakuta kati ya mistari, miguu juu, matetea na vifaranga. Jogoo alikuwa bado na mdudu mdomoni. Hapo ndipo Esteria alipoinama. Ndevu zilikuwa ndefu, nyembamba, zimepita hadi nyuma ya mabawa.

Osward alikuwa amesimama nyuma yake na jembe. Esteria alingoja aanze, yeye na Bukoba yake yote. Osward akaanza kuchimba shimo.

"Si useme!" Esteria alifoka, machozi yakimtoka. "Leo ndiyo umekosa la kusema?"

"Sogea kidogo, shemeji," alisema Osward. "Unamkanyaga jogoo."