Asilimia Tisini na Sita

Miaka mitatu baada ya mdogo wangu kumaliza uuguzi, chuo chake kilimpigia simu. Karani alikuwa na swali moja tu: umepata kazi?

"Najitolea hospitali, wodi ya wazazi. Silipwi."

"Lakini kila siku unaenda?"

"Naenda."

"Basi umeajiriwa," karani akasema, akakata.

Wiki mbili baadaye akaalikwa chuoni, awasalimie wanafunzi wapya na wazazi wao. Mimi ni fundi cherehani. Nilifunga duka nikamsindikiza. Mkuu wa chuo, bwana mwenye shingo iliyomwagika juu ya kola, alitangaza kwamba asilimia tisini na sita ya wahitimu wake wana kazi. Makofi! Nyuma yetu walikaa watatu waliosoma na mdogo wangu. Mmoja anauza mawigi, mwingine analea watoto wa shangazi yake, wa tatu anadunga mbwa sindano kwa daktari wa mifugo. Wote wamo kwenye tisini na sita. Debe tupu haliachi kuvuma.

"Binti yetu huyu hapa!" mkuu akamwita. "Waambie wadogo zako."

Nilidhani atashukuru na kukaa, maana tangu utotoni ni mtu wa kumeza maneno.

"Jana nimezalisha kina mama wanne," akasema. "Kwenye majalada ameandikwa muuguzi mwingine, ambaye hakutia mguu kazini. Mkuu, na mimi nimo kwenye hesabu yako?"

"Umo, binti yangu. Unapata uzoefu."

"Miaka mitatu? Wewe uzoefu wa ukuu wa chuo uliupata hivyo hivyo, bure?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Mkuu naye akacheka kwa kuchelewa, jasho likimchuruzika, akampokonya kipaza sauti. Mama mmoja mstari wa mbele alikunja fomu ya binti yake akaitia mkobani.

Kesho yake muuguzi mkuu wa wodi akampigia. "Umetuaibisha. Usikanyage hapa tena."

Nilicheka mpaka nikapindisha mshono. Unamfukuzaje mtu ambaye hukumwajiri? Mdogo wangu hakucheka. Alifua sare, akaipiga pasi, akaitundika, kisha akalia.

Siku ya nne simu ikaita tena. Sauti ya muuguzi mkuu ilikuwa asali tupu.

"Mwanangu, hasira hasara. Wodi imefurika, njoo utushike mkono."

"Yule anayeandikwa kwenye majalada yuko wapi?"

"Hayo tutaongea ukifika."

"Nileteeni barua ya ajira, nitakuja."

"Barua! Kwani wewe nani?"

"Mtu mnayempigia simu," akasema, na safari hii aliyekata ni yeye.

Barua haikuja. Mwezi uliofuata mkunga mstaafu mwenye zahanati ndogo alimtazama akizalisha mara moja tu, akamwandikia mkataba wa mwaka mmoja. Si wa kudumu, lakini una sahihi mbili. Kule wodini, nasikia, wameshapata wengine wawili wa kujitolea.