Mkeka wa Serikali

Serikali yetu ina huruma, mtu asikudanganye. Ilipoona watu wanafilisika kwa kubeti vichochoroni, ilisikitika mno, ikaamua wafilisike kwa utaratibu. Ndiyo maana sisi wauza tiketi za bahati nasibu tukaletewa kila mmoja mashine ya kubetia mpira, na bango la kubandika juu yake: CHEZA KWA KIASI. Kiasi gani, hawakuandika.

Mkaguzi wa Bodi ya Michezo ya Kubahatisha alikuja kuifunga mashine mwenyewe dukani kwangu, pale kaunta, kati ya sabuni na mikate. Bango alilipima kutoka sakafuni, akaniamuru nilishushe kidogo. "Sheria inataka liwe usawa wa macho, mama." Macho ya nani, sikumuuliza. Wateja wangu macho yao yako kwenye mechi.

Wa kwanza kujipanga alikuwa shemeji yangu. Mdogo wangu ni fundi cherehani, kibanda chake kiko ng'ambo ya barabara. Mumewe yeye ni fundi wa kujua timu gani itashinda, ila timu zenyewe huwa hazimsikilizi. Alishauza cherehani moja ya mkewe, na mikeka yake yote ya kubeti ikachanika. Ilibaki moja tu, ndiyo inayowalisha wao na watoto, na siku hizo nilikuwa namwona anaizungukazunguka kama mtu anayekagua mbuzi mnadani.

Nikamkatalia. "Shemeji, hapa kwangu hubeti."

"Kwani pesa yangu si pesa?"

"Ni pesa. Ya mdogo wangu."

Akanuna, akaenda zake, nami nikajiona nimemaliza kazi. Kumbe bure kabisa.

Kesho yake nikamwona mkaguzi mlangoni, na shemeji nyuma yake. Alikuwa amekwenda kunishtaki, mtu mzima na ndevu zake.

"Mama, huna ruhusa ya kumkataa mteja mwenye umri halali," mkaguzi akasema. "Anayeweza kumzuia ni yeye mwenyewe. Anaweka kidole hapa, mashine inamfungia asibeti tena."

"Basi akiweke."

Mdogo wangu alishavuka barabara, tepe ya kupimia ikining'inia shingoni. Hakugombana. Alimshika mumewe mkono. "Baba watoto, weka kidole. Nakuomba." Sijawahi kumsikia mdogo wangu akimwomba mtu mbele za watu, na nilishikwa na hasira mpaka machozi yakanilenga. Shemeji akainamisha kichwa, akaweka kidole.

Mashine ikalia, ikatoa karatasi. Mkaguzi akaisoma, akatabasamu. "Hongera. Itaanza kazi baada ya siku thelathini."

"Kwa nini thelathini?" nikauliza.

"Sheria inampa nafasi ya kufikiria upya."

"Na akitaka kubeti?"

"Kubeti ni papo hapo, mama."

Haya, makubwa hayo. Kuzama ni leo, kuokolewa ni mwezi ujao. Shemeji kusikia vile tu, mkono ukazama mfukoni, na mkewe bado kamshika ule mwingine.

Nikachomoa waya ukutani. "Beba mashine yako."

"Utapoteza na leseni ya tiketi."

"Nenda nayo. Sabuni bado watu wananunua."

Wala hakukasirika, mkaguzi yule. Alitoa simu, akampigia muuza tiketi wa kona ya pili, ambaye alikuwa anaililia mashine ya pili tangu siku ya kwanza. Walielewana upesi kuliko watu wanaonunua nyanya. Kisha akaipima mashine kwa macho, akaangalia na suruali yake iliyopigwa pasi, akauliza nani atamsaidia kubeba.

Shemeji alikuwa ameshaikumbatia. Mtu ambaye hajawahi kumshushia mkewe hata ndoo ya maji alitoka nayo taratibu, akiangalia anapokanyaga. Mkaguzi alipomwambia apumzike kidogo, alisema hajachoka.

Mdogo wangu aliwatazama mpaka wakapotelea konani. Hakulia. Alikunja tepe yake, akaitia mfukoni.

"Dada, una kufuli?"

Nikamtolea kubwa kuliko yote. "Hili linakitosha kibanda. Cherehani haitatoka."

"Nipe mawili," akasema. "Na la nyumbani."