Gari Jepesi la Royce

Lorene Hatcher alijua mwanawe ameharibikiwa siku aliyokuta kiti cha nyuma cha gari kimetupwa uani, kuku wamekilalia. Royce alikuwa amepatana na Virgil Stroud, kijana mwenye gari la njano, washindane kutoka Amarillo mpaka Memphis. Atakayechelewa amwachie mwenzake gari. Na la Royce ndilo pekee aliloachiwa na marehemu baba yake.

Siku ya safari Royce akamkuta mama ameshajipakia garini.

"Mama, shuka. Unaniongezea uzito."

"Mimi nilikubeba miezi tisa, sikukwambia shuka."

Wakaondoka, mama kakaa na mto mapajani, roho juu. Royce alishang'oa kila kitu ili gari liwe jepesi, hata tairi la akiba. Tangi nalo hakujaza. Wenye mbio ndivyo walivyo: petroli ni mzigo, unatia kidogo kidogo njiani. Usiku kucha akaendesha, akisinzia mama anamfinya.

Sasa wako Arkansas, Memphis si mbali tena, lakini Jumapili asubuhi, watu wote kanisani, nani atakuuzia petroli? Gari likakohoa, likazima mbele ya kituo kilichofungwa mnyororo. Na juu ya boneti ya gari la njano alikuwa amekaa Virgil, anatafuna kucha. Naye tangi kavu.

"Karibu, bingwa!"

"Nyamaza, kifaranga wewe!"

Lorene akavuka barabara, akaingia kanisa la ng'ambo, akamtoa mwenye kituo, mzee Odell, mdomo umejaa keki.

"Iliyobaki ni ya gari moja tu," mzee akasema akifungua mnyororo. "Nani aliyekuja kunitoa kanisani? Wewe, mama. Basi sema, nimtilie nani?"

Royce alishafungua kifuniko, anacheka. Lorene akamtazama macho yalivyomwiva kwa kukosa usingizi. Akishinda leo, wiki ijayo ataondoka tena, na siku hiyo wa kumfinya hatakuwepo.

"Mtilie wa njano."

"Mama! Hilo gari la baba!"

"Ni la baba. Wewe ni wangu."

Virgil alikuwa hana mbavu. Lorene akamshika sikio kupitia dirishani. "Na wewe lala kwanza, kisha umpigie mama yako simu. Mjinga mkubwa."

Royce akakaa chini ukingoni mwa barabara, akalia kama mtoto. Hakumsemesha mama yake mpaka Krismasi. Lorene hakujali. Kila alfajiri alisimama mlangoni pa chumba cha Royce, akamsikiliza anavyokoroma, ndipo akaenda kuchemsha kahawa.