Mabamba Kumi na Mawili ya Shemeji

Karakana nzima ilimwita Msasa, kwa kuwa miaka tisa kazi yake ilikuwa kusugua chuma cha pua mpaka kigeuke kioo. Karakana yenyewe ilikuwa ya shemeji yake, mume wa dada yake mkubwa, mchongaji ambaye magazeti hayakuchoka kumpamba. Wasichojua watu ni kwamba shemeji alikuwa fundi wa maneno. Michoro ilikuwa ya Msasa, na pembe alizipima Msasa kwa uzi na penseli.

Safari hii walipewa sanamu ya ukumbi wa maktaba mpya: mabamba kumi na mawili yaliyopindwa, kila moja likikuonyesha wewe mwingine. Msasa alipokuwa akiyasugua alizoea kujitazama humo na kuwaza maisha ambayo hakuyaishi. Humu amesoma chuo, anavaa miwani. Humu ameolewa na fundi umeme ambaye yeye alimkataa ili asiache kazi. Katika la saba, alilolipenda kuliko yote, shemeji ndiye anayeshika kitambaa, na yeye ndiye anayepeana mikono na wageni.

Siku tatu kabla ya uzinduzi alikuja mwandishi wa habari, akauliza yule mwenye aproni ni nani. Shemeji akacheka.

"Huyo ni shemeji yangu. Nimempa kazi ya kufuta vumbi, asije akashinda nyumbani akamsumbua mke wangu."

Msasa alisikia vizuri. Aliendelea kusugua, na bamba lilipong'aa alikwisha jua atafanya nini.

Mpango wa shemeji ulikuwa asimame kwenye alama sakafuni, pazia lishuke, wageni wamwone yeye mara kumi na mbili. Asubuhi ya uzinduzi Msasa aliingia ukumbini na spana, akalegeza nati nyuma ya kila bamba, akalisogeza upana wa kidole, akakaza. Kisha akaenda kusimama kando ya mlango na aproni yake.

Pazia likashuka. Shemeji alinyanyua mikono, lakini mabamba hayakuwa na habari naye. Yalijaa mwanamke wa aproni, mrefu huku, mnene kule, kila mmoja akimkodolea macho shemeji. Wageni wakageukia mlangoni. Mkuu wa maktaba akamwomba mchongaji arekebishe kidogo. Shemeji akashika spana, akahangaika, akalegeza nati isiyostahili, bamba likainama kama mlevi. Mmoja alicheka, kisha safu nzima.

"Shemeji," akaita kwa sauti ndogo, "njoo unisaidie."

"Mimi nafuta vumbi tu," Msasa akamjibu, na viti vya nyuma vikasikia.

Mkuu wa maktaba hakuwa mjinga. Alimfuata, akamuuliza maswali mawili matatu, na kazi iliyofuata akampa yeye.

Wiki hiyo dada yake alikuja, macho yamemvimba. Alisema mumewe hali wala hatoki chumbani.

"Si ungemwambia faraghani, mdogo wangu?"

"Nimemwambia miaka tisa, dada. Alikuwa ananisikia, akapuuza."

Dada aliondoka bila kuaga, na mpaka leo hawasalimiani. Hilo linamuuma Msasa, hafichi. Ama kumhurumia shemeji, hajaweza, wala hajajaribu.