Raketi Inayopiga Yenyewe

Usiniambie hukuona. Ulisimama nyuma ya kioo cha uwanja, bia mkononi, ukamwona Loles akifungua chupa ya maji kwa meno, ukageukia uwanja wa pili kana kwamba huko ndiko kwenye mechi. Tuliogeuka tunajuana. Fuensanta naye aligeuka, na hakuna aliyekuwa karibu na Loles kumshinda yeye.

Wote wawili walikuwa watandika vitanda katika hoteli moja ya Torremolinos, mji wa pwani Uhispania; Loles kwa miaka ishirini na miwili, Fuensanta kwa sita. Jumanne jioni walicheza padeli, mchezo wa raketi wa wawili kwa wawili ndani ya kuta za kioo, kwenye viwanja vya manispaa: Loles kushoto, upande wa mwenye kumaliza, Fuensanta kulia, upande wa mwenye kulinda. Tangu hoteli ilipopunguza watu na kuacha vitanda vilevile, magodoro yalikuwa yakikitafuna kiwiko cha Loles. Fuensanta alianza kumwinulia kona ya pili ya godoro, kimya kimya, bila yeyote kati yao kulitaja jambo hilo.

Ndipo Loles alipoamua kubadili raketi.

"Nataka nzito," alimwambia Nicasio, mwenye duka. "Ya kuua."

"Mama wee! Unataka kumuua nani?"

"Nikianza kukutajia majina, hufungi duka leo."

Nicasio alicheka, akamshushia moja nyeusi yenye umbo la almasi, uzito wote kichwani, uso wa kaboni unaokwaruza kama ulimi wa paka. "Hii haina huruma. Ukiupata mpira katikati, unaruka uzio na pointi ni yako. Ukiukosa, kiwiko ndicho kinachoadhibiwa. Ni ya mtu anayeujua mchezo, tena mwenye mkono mzima. Wako vipi?"

"Mzima."

Mchezaji mzoefu hujidanganya kwa namna ambayo anayejifunza hawezi. Mkono wake ukigoma kuzunguka, hujiambia kuwa raketi nzito itampigia yenyewe: ainyanyue tu, uzito umalize kazi. Anayejifunza hajajua vya kutosha kukosea hivyo.

"Wasemaje, shoga?" Loles alimgeukia mwenzake. "Inanifaa?"

Alikuwa ameishika kwa mikono miwili. Fuensanta aliona kuwa wa kushoto ndio unaobeba uzito. Aliona pia kwamba Loles akiuacha upande wa kushoto, mchezo wao umekwisha, na Jumanne ndiyo siku pekee ambayo mtu yeyote aliwahi kuwapigia makofi.

"Imekukaa," alisema.

Kwa Jumanne mbili, ilimkaa kweli. Mipira iliruka uzio, na wanawake wa timu nyingine walibaki kuangaliana. Ya tatu, mpira ulipaa ukashuka katikati yao. Hapo mmoja lazima aite, na ulikuwa karibu zaidi na Fuensanta.

"Wako!" aliita Fuensanta.

Loles aliupiga. Pointi ilikuwa yao. Makofi yalipokuwa bado yanalia, raketi ilikuwa inaning'inia kwenye kamba ya kifundo cha mkono, kwa sababu vidole havikuwa vimeshika kitu.

Daktari wa bima ya mwajiri hakuuliza habari za magodoro. "Unacheza padeli, bibie? Raketi ya aina gani?" Loles, ambaye kiburi ndicho kitu pekee alichowahi kujilimbikizia, aliieleza yote, uzito na umbo. "Basi ni jeraha la michezo," daktari alisema. "Halihusiani na kazi."

Jumanne tatu zikafuta miaka ishirini na miwili. Neno hilo likibaki, mkono usipopona, Loles hatatambuliwa kuwa aliumizwa na kazi. Ataondoka kama mzembe aliyejivunja akicheza.

"Ulikuwa unaniinulia godoro," Loles alimwambia Fuensanta jikoni kwake. "Tangu lini?"

"Tangu kabla ya Krismasi."

"Kabla ya raketi."

"Kabla sana."

"Nenda kamwambie yule daktari."

"Loles, mkataba wangu unaisha mwezi huu. Unawajua wale wa hotelini."

"Nawajua tangu kabla hujazaliwa." Loles aliusukuma mkono wa kulia mezani kama mtu anayesogeza sahani. "Haya, basi. Nimenyie chungwa."

Fuensanta alimenya. Alitoa nyuzi nyeupe moja moja, akatenganisha vipande, akavipanga mbele ya mwanamke aliyemfundisha kutandika shuka bila mkunjo. Loles alikula bila kumtazama. Kila kipande kilichotoweka kilimwongezea Fuensanta joto usoni, hadi akajua kwamba kufukuzwa kazi kuna siku yake moja, ila machungwa haya angeyamenya maisha yake yote.

Leo ameketi kwenye benchi nje ya chumba cha daktari. Ameinuka mara moja, akaketi tena. Peke yake ni mtu wa mkataba unaoisha. Wakiwa wawili, wanne, kumi, hao ni mashahidi. Nawe unajua ulichokiona kwenye ile chupa, kabla ya raketi. Acha kusoma. Nenda ukakae naye, kisha mgonge mlango pamoja. Daktari anaondoka saa nane. Inuka.